Umbali na utalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wageni wa mbali na wa karibu

Maswali haya yametoka kwa waongoza watalii, wenye nyumba za wageni, na wanafunzi wa vyuo vya utalii wanaoandika tasnifu. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri, lakini kanuni zenyewe zinafanya kazi popote.

Ni kweli kwamba watalii wengi duniani hawaendi mbali?

Ni kweli. Wengi wetu hushangaa kusikia hivyo kwa sababu mgeni tuliyemzoea ni yule anayeshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akiwa na macho mekundu baada ya kulala ndani ya ndege. Lakini kati ya kila safari tano za kimataifa, karibu nne huishia katika kanda ile ile anayotoka msafiri: Mzungu anabaki Ulaya, Mwasia anabaki Asia. Bob McKercher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotumia takwimu za nchi nyingi. Walikuta kwamba asilimia 80 ya safari za kimataifa huishia katika nchi zisizozidi kilomita 1,000 kutoka mpaka wa nchi ya msafiri. Kupita hapo idadi inashuka haraka.

Ndiyo maana Ufaransa ilifikisha wageni milioni 100 mwaka 2024. Mnara wa Eiffel una sehemu yake, lakini Mbelgiji, Mjerumani, Mswisi na Mwingereza wanaweza kuingia na magari yao wenyewe, mbwa yuko kiti cha nyuma. New Zealand iko mbali na karibu kila mtu, na hata huko wageni wanaoongoza kwa wingi ni wa Australia, ng'ambo ya bahari moja tu.

Wataalamu huelezaje jambo hili?

Wanatumia kinachoitwa modeli ya mvutano. Wazo limeazimwa kwa Newton: vitu viwili huvutana zaidi vikiwa vikubwa, na huvutana kidogo vikiwa mbalimbali. Mwanauchumi Jan Tinbergen wa Uholanzi aliitumia mwaka 1962 kueleza biashara kati ya nchi na nchi, na baadaye ikaingia kwenye utalii. Unachukua ukubwa wa uchumi au idadi ya watu wa nchi mbili, unazidisha, kisha unagawanya kwa umbali uliopandishwa kwa kipeo fulani. Kipeo hicho ndicho kinachosema umbali unauma kiasi gani. Kikiwa karibu na moja, kama kinavyokuwa mara nyingi katika biashara ya bidhaa, maana yake ni kwamba umbali ukiongezeka maradufu, safari hupungua kwa karibu nusu, mengine yote yakibaki yalivyo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mengine huwa hayabaki yalivyo.

Mbona basi hapa kwetu tunaona Wazungu na Wamarekani wengi kuliko majirani?

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa.

La kwanza ni la macho. Mtalii wa kimataifa, kwa hesabu za kitakwimu, ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida, akavuka mpaka, akalala angalau usiku mmoja, akakaa chini ya mwaka mmoja, na hakuja kuajiriwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima avae kofia ya safari. Mfanyabiashara wa Bujumbura anayelala Kariakoo siku tatu akinunua vitenge ni mtalii. Mama wa Nairobi aliyekuja Moshi kwenye harusi ya mpwa wake, akalala wiki, ni mtalii. Tanzania ilipopokea wageni 2,141,895 mwaka 2024, hao nao walikuwa ndani ya hesabu, na kwa miaka ya karibuni Kenya na Burundi zimekuwa juu kwenye orodha ya nchi wanakotoka wageni wetu. Hatuwaoni kwa sababu wanafanana na sisi, wanapanda basi, na wanakula kwa mama lishe. Kanuni ya umbali inafanya kazi hapa kama kwingine. Sisi ndio tunaoangalia lango moja tu.

La pili ni la kipato. Katika modeli ile ile, upande wa juu wa mgawanyo kuna ukubwa wa uchumi. Marekani iko zaidi ya kilomita 11,000 kutoka Nairobi, lakini uchumi wake ni mkubwa kiasi kwamba sehemu ndogo sana ya watu wake wanaosafiri inatosha kuifanya iongoze katika orodha ya Kenya, mbele ya Uganda na Tanzania. Umbali umewapunguza, ila umewapunguza kutoka kwenye bahari.

Kinachohesabika ni kilomita, au ni saa na pesa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mtu hasafiri kilomita. Anasafiri nauli, saa, karatasi na wasiwasi. Chukua Zanzibar. Kutoka Roma hadi Zanzibar ni takriban kilomita 6,000 kwa mstari wa angani. Kutoka Accra ni kama 4,500. Kwa ramani, Mghana ni jirani zaidi. Lakini kwa miaka mingi Waitaliano wamekuwa na ndege za kukodi zinazotua Unguja moja kwa moja, hoteli imelipiwa pamoja na tiketi, na mtu anaondoka nyumbani jioni anaamkia baharini. Mghana analazimika kubadilisha ndege Addis Ababa, Nairobi au kwingineko, pengine alale njiani, na tiketi yake inaweza kuzidi ile ya Mwitaliano. Waitaliano wamejaa Kiwengwa. Waghana je, umewaona wangapi?

Umbali wa namna hii unaweza kukua bila nchi yoyote kusogea. Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya ndege ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Finnair kutoka Helsinki hadi Tokyo iliruka kutoka saa tisa na nusu hivi hadi kama 13. Helsinki na Tokyo ziko pale pale. Na unaweza kupungua pia: tangu Oktoba 2018 Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, safari ile ni ya takriban saa 15 bila kushuka popote, na mzee mwenye magoti mabaya anaiweza.

Ila mfano unaoniuma uko hapa hapa nyumbani: Bologonja. Serengeti na Maasai Mara ni nyika moja. Nyumbu wanavuka kila mwaka na hawaulizwi pasipoti. Kati ya lango la Sand River upande wa Mara na lango la Bologonja upande wa Serengeti ni mwendo mfupi wa gari, na hadi mwanzoni mwa 1977 wageni walikuwa wakipita hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, Februari mwaka huo. Mipaka mingine ilifunguliwa tena miaka ya 1980. Hii haikufunguliwa kwa watalii. Leo mgeni aliyelala Mara akitaka kuamkia Serengeti anazungukia mpaka wa Isebania na Sirari, safari ya kutwa nzima, au analipia ndege ndogo na kugongesha mihuri njiani.

Sababu za upande wa Tanzania zinaeleweka, na si haki kuzipuuza. Lipo la mazingira: eneo lile ni nyeti na magari mengi yangeliharibu. Lipo la uchumi: kabla ya 1977 wageni wengi walilala Nairobi, wakaingia Serengeti kuchungulia, wakarudi kulala na kulipa Kenya. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa 1971, ulijengwa pia ili mgeni wa kaskazini asilazimike kupitia Nairobi. Kwa hiyo umbali ule wa Bologonja ni umbali uliotengenezwa, kwa makusudi, ili mgeni alale upande huu. Umefanya kazi hiyo. Lakini gharama yake analipa kila anayetaka kuona nyika ile kama kitu kimoja, na mimi naamini kwamba njia ya ada ya pamoja na idadi ndogo ya magari kwa siku ingelinda mazingira na mapato kwa wakati mmoja.

Kwa nini mgeni wa mbali hukaa siku nyingi na kutumia zaidi?

Kwa sababu nauli ni gharama anayoilipa mara moja tu. Tuseme tiketi imemgharimu dola 1,200. Akikaa siku tatu, kila siku imebebeshwa dola 400 kabla hajanywa hata chai. Akikaa siku 12, ni dola 100. Kila siku anayoongeza inapunguza uchungu wa nauli. Ndiyo maana mgeni wa California anapanga Tarangire, Ngorongoro, Serengeti kisha Zanzibar kwa pigo moja, na mara nyingi anaongeza Kenya au sokwe wa Rwanda, wakati mtu wa Nairobi anakuja Arusha Ijumaa na kurudi Jumapili.

Linapatikana jambo jingine humo humo. Wauza embe wanalijua: embe zinazopelekwa mbali huwa zile nzuri, kwa sababu usafiri wa embe mbovu na embe nzuri ni bei moja, hivyo hakuna faida kusafirisha mbovu. Kwa utalii ni vivyo hivyo, ila hapa anayesafiri ni mnunuzi. Aliyekwisha kulipa nauli kubwa haoni sababu ya kubana kwenye chumba. Tofauti ya dola 150 kati ya kambi ya kawaida na kambi nzuri inaonekana ndogo pembeni ya tiketi. Umbali huchuja: wanaobaki baada ya kuchujwa ni wachache, wenye umri mkubwa kidogo, wenye fedha na muda, na wanaotaka kuona mengi kwa safari moja.

Je, kuna watu wanaopenda mbali kwa sababu ni mbali?

Wapo, ingawa ni wachache kuliko matangazo yanavyodai. Kwa baadhi ya watu ugeni wa mahali ni sehemu ya raha. Lakini mara nyingi kinachoshinda umbali ni ukosefu wa mbadala. Ufukwe mzuri uko sehemu nyingi, kwa hiyo Mjerumani anayetaka jua tu ataishia Uhispania. Mlima mrefu kuliko yote Afrika uko mmoja, na anayeutaka lazima aje Kilimanjaro. Mfano mkubwa kuliko wote ni Hija: Mwislamu wa Indonesia hapigi hesabu ya kilomita ili achague mji mwingine wa karibu, kwa sababu mji mwingine haupo.

Ukiwa mwenye hoteli ya ufukweni, jiulize kwa unyofu uko upande gani wa mfano huu.

Tofauti ya saa ina athari?

Ina athari, na kwetu ni bahati. Afrika Mashariki iko kusini mwa Ulaya, si mashariki yake ya mbali. Mwitaliano akifika Unguja saa yake inatofautiana na yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi. Halali mchana, haamki usiku wa manane. Akienda Thailand anapoteza siku moja au mbili mwili ukijipanga upya. Kwa likizo ya siku saba hiyo ni sehemu kubwa, na sijui kwa nini hatuitangazi.

Serikali zinaweza kuongeza au kupunguza umbali?

Zinafanya hivyo kila siku. Viza ni umbali. Foleni ya mpakani ni umbali. Kituo cha pamoja cha Namanga, ambapo unagonga mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja, kimeisogeza Nairobi karibu na Arusha bila kupunguza hata mita moja ya lami. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza viza moja ya utalii kwa dola 100. Tanzania haimo, kwa hiyo mgeni wa mbali anayetaka kuunganisha Mara na Serengeti analipa karatasi mbili.

Uingereza imekwenda mbali zaidi: inatoza kodi umbali wenyewe. Kodi ya abiria wa ndege ilianza 1994, na tangu 2009 imepangwa kwa madaraja ya maili kutoka London. Katika mwaka wa fedha 2024/25, abiria wa daraja la chini kwenda Ulaya alilipiwa pauni 13, na anayekuja Nairobi au Dar es Salaam pauni 88. Familia ya watu wazima wanne ni pauni 352 kabla ya kulipia kiti. Kinachonishangaza ni kipimo chenyewe: maili huhesabiwa hadi mji mkuu wa nchi unayokwenda. Kwa miaka kadhaa visiwa vya Karibi vilitozwa zaidi ya Hawaii, kwa sababu Marekani yote ilipimwa kwa Washington. Wakaribi walilalamika, na madaraja yakabadilishwa mwaka 2015.

Lugha na undugu vina uzito gani?

Uzito mkubwa, na ramani haiuonyeshi. Kati ya Muscat na Unguja kuna bahari pana, lakini kuna familia zenye nyumba pande zote mbili, na watoto wanaosema Kiswahili Oman. Hao hawahitaji tangazo la televisheni. Wanakuja kwa Sikukuu, kwa msiba, kwa harusi.

Malindi ni kisa kingine. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti pwani ile miaka ya 1960. Roketi ya kwanza iliyopeleka setilaiti angani kutoka jukwaa la San Marco iliruka 1967. Waliokuja kikazi waliwaambia wenzao, wakaja watalii, wakajenga nyumba, wakafungua migahawa, na leo muuza vinyago wa Malindi anapatana bei kwa Kiitaliano bila kusita. Mgeni mpya kutoka Milano anafika mahali ambapo tayari pana mtu wa kumwelewa. Kwake Malindi iko karibu kuliko miji mingi iliyo karibu.

Kwa nini ni ghali hivyo kuruka kati ya nchi za Afrika?

Ndege ni chache, abiria kwa kila njia ni wachache, kodi za viwanja ziko juu, mafuta ni ghali, na serikali nyingi zinalinda mashirika yao. Uamuzi wa Yamoussoukro wa kufungua anga ya Afrika ulikubaliwa 1999. Soko la pamoja la usafiri wa anga la Umoja wa Afrika lilizinduliwa Januari 2018. Utekelezaji bado unasuasua, na msafiri ndiye anayelipa.

Tukazanie wageni wa mbali au majirani?

Wote, lakini nitasema ninachoamini: jirani tumemdharau. Mwaka 2020 wageni wa Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 wa mwaka uliotangulia hadi 620,867. Umbali ambao siku za kawaida unatuletea mgeni anayekaa siku 12 uligeuka ukuta mara tu ndege zilipoanza kusimama. Zanzibar ilipata nafuu kwa Warusi na watu wa Ulaya Mashariki waliokuja kwa ndege za kukodi, kisha Aprili 2021 Urusi ikasimamisha safari zake na vyumba vikawa vitupu ndani ya siku chache. Soko la mbali linafungwa kwa amri ya mtu mmoja aliye mbali. Jirani ana basi.

Sheria tayari inampendelea: hifadhini raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya dola anazotozwa mgeni wa ng'ambo. Kinachokosekana ni kila kitu kingine. Kwa miaka mingi bei ya chumba imeandikwa kwa dola. Gari linakodishwa zima, si kiti. Tovuti iko kwa Kiingereza na Kijerumani, na Mkenya au Mkongo wa Bukavu anayesoma Kiswahili hakuna aliyemwandikia sentensi moja.

Ninaandika tasnifu. Nipime umbali kutoka wapi hadi wapi?

Usichukue mji mkuu kwa mji mkuu bila kufikiri. Mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma, na watalii wanatua Dar es Salaam, KIA na Unguja. Pima hadi pale wanapoingia, au tumia wastani uliopimwa kwa idadi ya watu au wageni. Kumbuka pia kwamba kilomita hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Ukiwa na takwimu za miaka mingi na ukaweka kidhibiti cha kila jozi ya nchi, yaani kinachobeba yote yasiyobadilika kati ya nchi hizo mbili, umbali utamezwa humo na hutauona tena; hapo tumia nauli, saa za safari pamoja na kusubiri, au idadi ya ndege za moja kwa moja kwa wiki. Weka alama kwa nchi zinazopakana na zinazotumia lugha moja. Na usifute jozi zenye wageni sifuri: sifuri hizo ndizo umbali unapozungumza kwa sauti kubwa kuliko kwingine.

Bei ya mafuta na hofu ya hewa ukaa zitatufikisha wapi?

Safari ndefu zinaumia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nauli yake ni mafuta na sehemu kubwa ya moshi hutoka humo. Sitarajii Wazungu waache kuja. Natarajia waje mara chache zaidi na wakae zaidi kila wanapokuja.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita. Haya yote yananisaidia nini?

Yanakusaidia kuweka bei mbili kwa akili. Kwa mgeni wa mbali usishushe bei ya usiku. Mpe usiku wa sita kwa nusu bei, kwa sababu anatafuta kugawa nauli yake kwenye siku nyingi. Kwa jirani fanya kinyume: andika bei ya usiku mmoja na mbili kwa shilingi, na pokea malipo ya simu. Tafuta kalenda ya likizo za shule za Kenya na uibandike ukutani pembeni ya kalenda yako, uzungushie Pasaka, Idi na Desemba. Watu wa Nairobi hupanga safari wiki mbili kabla, si miezi minane, kwa hiyo usiuze vyumba vyote sita mapema. Bakiza viwili, na siku ya Jumatano piga simu kwa wenye mabasi madogo ya Namanga uwaulize Ijumaa wanaleta nani.